Sheria ya Ndoa na Rosa Mistika: Maandiko Mawili ya Mwaka Mmoja

Mwaka 1971 ulileta maandiko mawili ambayo, kwa maoni yetu, hayana budi kusomwa pamoja. La kwanza ni Sheria ya Ndoa, yaani Sheria Na. 5 ya mwaka huo, iliyoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei. La pili ni Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, mtunzi aliyezaliwa katika kisiwa cha Ukerewe. Maandiko yote mawili yanamhusu mwanamke wa nchi hii: nani amlinde, nani amwamulie, na nini kimpate akikosa ulinzi. Lakini bahati zao hazikuwa moja. Sheria ilitungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanawake waliohusika nayo hawakuijua. Riwaya iliandikwa kwa Kiswahili ambacho kila msichana wa sekondari angeweza kukisoma, nayo ikazuiwa kwa muda isisomwe shuleni.

Twataka katika insha hii kuyahakiki maandiko hayo kwa pamoja. Walimu wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi, na sheria wakawaachia mahakimu na mawakili. Sisi twaona kwamba sheria nayo ni sehemu ya utamaduni wa taifa. Ni andiko lenye msemaji wake, lenye watu linaowasema, na lenye watu lisiowasikia. Mwenye kuijua kazi ya uhakiki aweza kuliuliza maswali yale yale anayoiuliza riwaya.

Wala si jambo geni kwa sanaa yetu kuiweka mahakama mizanini. Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950, aliimba habari za Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke kisha akakimbilia bara, ilhali wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Waliousikia wimbo huo walielewa kwamba haki ilikuwa imepotea mbele ya hakimu. Hapakuwa na gazeti la wanawake wakati huo, wala mbunge mwanamke, lakini palikuwa na msanii. Kwa hiyo tunapoitazama Sheria ya Ndoa kwa jicho la fasihi, twafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Tuanze na sheria, na tuanze kwa kuipa haki yake. Kabla ya mwaka 1971 ndoa za nchi hii zilitawaliwa na taratibu nyingi: mila za makabila, sheria ya Kiislamu, sheria ya ndoa za Kikristo na za kiserikali, na desturi za Wahindu. Haki za mke zilitegemea dini na kabila alilozaliwa nalo. Mwaka 1969 Serikali ilitoa Waraka Na. 1 wenye mapendekezo ya kuzikusanya ndoa zote chini ya sheria moja, na mapendekezo hayo yakajadiliwa na wananchi. Sheria iliyotokana nayo ilikuwa ya kijasiri kwa wakati wake. Ilitamka kwamba ndoa ni muungano wa hiari. Ilimpa mke haki ya kumiliki mali sawa na mumewe. Ilimpa mke aliyepo nafasi ya kuweka pingamizi mume akitaka kuongeza mke mwingine. Ilisema katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake wa ndoa kwa kumpiga, hata kama mila yasema vingine. Na katika kifungu cha 114 iliiagiza mahakama, inapogawanya mali baada ya talaka, itazame mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi.

Hayo ni maneno makubwa. Katika nyumba nyingi za wakati ule, kipigo cha mume kilihesabiwa kuwa malezi, na kuni alizookota mke hazikuhesabiwa kabisa. Sheria ilisimama upande wa pili wa mila hizo, na wabunge walioipitisha wastahili sifa.

Hata hivyo, hebu tuichungue kwa kipimo cha lugha yetu. Kiswahili kina vitenzi vinne kwa jambo hili moja. Mwanamume huoa. Mwanamke huolewa. Watu wawili wakikubaliana, huoana. Na msichana asiyeulizwa huozwa, kwani mwenye kutenda hapo ni baba yake, mjomba wake au ukoo mzima. Lugha haikuficha kitu. Imehifadhi tofauti ambazo watu waliziona kwa macho yao. Sasa swali letu kwa Sheria ya Ndoa ni hili: katika vitenzi hivyo vinne, inasimamia kipi?

Vifungu vyake vya hiari vyasimamia kuoana. Lakini kifungu cha 13 kiliweka umri wa chini wa kufunga ndoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na miaka 15 kwa mwanamke, na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu hata umri wa miaka 14 palipo na sababu maalumu. Kifungu cha 17 nacho kikasema kwamba msichana asiyetimiza miaka 18 anahitaji kwanza idhini ya baba yake, na baba akiwa amekufa, ya mama yake au mlezi. Msomaji azingatie jinsi vifungu hivyo viwili vinavyoshikana mikono. Mvulana wa miaka 15 ni mtoto, hawezi kufunga ndoa. Msichana wa miaka 15 aweza, ila ridhaa ya baba ndiyo inayofungua mlango. Katika kifungu kimoja sheria imesema kuoana. Katika kingine imeacha nafasi ya kuozwa.

Mtunga sheria alikuwa na picha ya baba akilini mwake. Alimwona baba mwenye busara, mpole, asiye na tamaa ya mahari, atakayemkinga binti yake na mchumba mbaya. Kwa baba wa namna hiyo, kifungu cha 17 ni ulinzi. Lakini je, kila baba ndiye huyo? Swali hilo sheria haikuliuliza. Riwaya ililiuliza, mwaka ule ule.

Katika Rosa Mistika tunakutana na Zakaria, mlevi, mwenye kumtesa mkewe Regina, na mwenye kuamini kwamba binti hulelewa kwa hofu. Rosa alipopata barua ya mvulana, Zakaria alimpiga kikatili. Hakumfundisha jambo lolote kuhusu mapenzi, mwili wake au hila za watu. Alimfundisha kuogopa tu. Rosa alipotoka nyumbani kwenda shuleni, na baadaye katika chuo cha ualimu cha Morogoro, hofu ile haikumsaidia. Alikutana na wanaume wenye vyeo na maneno matamu, mkuu wa chuo akiwa miongoni mwao, naye hakuwa na silaha yoyote. Akaangukia katika maisha ya kuhangaika, akabeba mimba, akazitoa kwa siri. Mwishowe, alipokuwa amekwisha kujirekebisha na kutumaini ndoa, mchumba wake alimkataa kwa kuwa hakumkuta bikira. Rosa akajiua.

Wako waliosema kwamba kitabu hiki kinachochea uasherati, na hiyo ndiyo hoja iliyokiweka mbali na madarasa kwa muda kabla ya kukubaliwa. Sisi twasema kwamba waliokizuia walitazama kitendo wasitazame sababu. Kezilahabi hakuusifu upotovu. Alichora njia iliyompeleka msichana kwenye upotovu, na kila mwenye cheo aliyesimama njiani bila kumzuia au kwa kumsukuma. Ndiyo maana twakiita kitabu cha haki za mwanamke, ingawa neno hilo halitumiki ndani yake.

Natuyaweke maandiko mawili bega kwa bega katika mambo matatu.

Jambo la kwanza ni nyumba. Kifungu cha 66 kilimkataza mume kumpiga mke, lakini hakikutaja papo hapo adhabu ya mwenye kukivunja, wala hakikusema Regina aende kwa nani. Regina wa riwaya anavumilia kwa sababu mtesi wake ndiye kichwa cha nyumba, na nyumba ndiyo yote aliyo nayo. Haki isiyo na mlango wa kuiendea hubaki maandishi. Riwaya yatuonyesha upungufu ambao msomaji wa kifungu peke yake hawezi kuuona.

Jambo la pili ni chuo. Mwaka 1971 sheria zetu hazikuwa zimemtaja waziwazi mwanamume anayetumia cheo chake kumpata mwanamke aliye chini yake. Kezilahabi alimtaja. Ilipita miaka 27 hadi Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo iliongeza adhabu za ubakaji, ikamhesabu kuwa mbakaji mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake vibaya dhidi ya mwanamke aliye chini ya uangalizi wake, na ikaufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai. Mtunzi wa riwaya aliliona jambo, na mtunga sheria akamfuata baada ya zaidi ya robo karne. Hatusemi kwamba sheria ilitokana na kitabu. Twasema kwamba laiti kitabu kingesikilizwa mapema, wasichana wengi wasingelingoja Bunge.

Jambo la tatu ni afya. Rosa alitoa mimba kwa siri, na siri hiyo haikuwa ya aibu peke yake. Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kutoka kwa utawala wa Waingereza, ilimwekea mwanamke anayejitoa mimba kifungo cha hadi miaka saba. Shule nazo kwa miaka mingi zilimfukuza msichana aliyepata mimba, na aghalabu mvulana au mtu mzima aliyehusika akaendelea na shughuli zake. Baba fimbo, shule mlango, sheria gereza: msichana aende wapi? Waweza kuwa na maoni yako juu ya utoaji wa mimba, nasi hatutaki kuufanya ukurasa huu uwanja wa ugomvi huo. Lakini hata mwenye msimamo mkali kuliko wote hawezi kukana kwamba msichana anayetishwa kutoka kila upande hatamwendea mganga wa hospitali. Ataendea gizani, na gizani ndiko wanakofia. Mwezi Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu ya mimba waruhusiwe kurudi katika shule za mfumo rasmi. Ulikuwa uamuzi wa kibinadamu. Rosa Mistika ilikuwa imekwisha kutimiza miaka hamsini.

Uhakiki usiotaja upungufu si uhakiki. Riwaya hii nayo ina mahali inapopwaya. Mwisho wake unawafikisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Tendo hilo lina nguvu kisanaa, lakini hebu tujiulize kwa nini kesi ya Rosa imesikilizwa mbinguni. Ni kwa sababu mtunzi hakuiona duniani mahakama yoyote ambayo ingeipokea. Rosa hana shangazi wa kumkimbilia, hana mwalimu wa kike wa kumshika mkono, hana baraza. Mtunzi amempa macho ya kuona maumivu yake, asimpe kinywa cha kudai haki yake. Kifo kinakuja kufunga hadithi, na wanaume waliomharibu wanatawanyika bila kuulizwa. Kwa namna hiyo riwaya, japo inamhurumia Rosa, inamwadhibu yeye kuliko wengine wote.

Upungufu huo umezidishwa na ufundishaji wetu. Katika madarasa mengi swali linaloulizwa ni hili: Rosa alikosa nini? Na jibu linaloandikwa kwenye daftari ni kwamba wasichana wajihadhari na tamaa. Swali hilo ni la Zakaria. Mwalimu anayelirudia anamshikia fimbo. Swali linalofaa ni hili: ni nani waliokuwa na wajibu wa kumlinda Rosa, na kila mmoja wao aliutimizaje? Mwanafunzi akiulizwa hivyo ataanza kuwataja baba, mkuu wa chuo, mchumba, shule na sheria. Hapo ndipo riwaya inapoanza kufanya kazi yake.

Jambo ambalo riwaya haikuweza kuliona ni kwamba siku ingekuja ambapo wanawake wangeisoma sheria wenyewe na kuipeleka mbele ya majaji. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika katika mali ya ndoa. Neno "kazi" la kifungu cha 114 lilikuwa limekaa miaka kumi na mbili likigombaniwa maana. Mwanamke mmoja akalifanya lipewe maana. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Holaria Pastory alitetewa na hukumu ya Jaji Mwalusanya kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilipingana na haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Na mwaka 2016 Rebeca Gyumi alizishitakia vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa katika Mahakama Kuu, akashinda. Serikali ilipokata rufani, Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba mwaka 2019 ikakubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Serikali ikatakiwa ifanye marekebisho ndani ya mwaka mmoja.

Wanawake hawa watatu twawahesabu kuwa wahakiki. Walilisoma andiko, wakaona pale linapojipinga lenyewe, wakalitaka lijisahihishe. Hakuna mwalimu wa fasihi anayewafundisha wanafunzi wake jambo lililo tofauti na hilo.

Lakini mwaka ule mmoja wa mahakama ulipokwisha, mwezi Oktoba 2020, sheria ilikuwa bado haijarekebishwa. Hapa inatupasa tuliguse Bunge. Bunge la mwaka 1971 lilikuwa na wanawake wachache mno. Tangu hapo Katiba imerekebishwa zaidi ya mara moja ili kuwapa wanawake viti maalumu, hata ikafika kuagiza kwamba wabunge wa viti hivyo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote. Haya ni maendeleo ya kweli, wala hatuyabezi. Hata hivyo umri wa miaka 15 ulivuka salama Bunge baada ya Bunge. Wingi wa viti haukuwa wingi wa sauti juu ya jambo hili. Mbunge, awe mwanamke au mwanamume, husikia pale anapopigiwa kelele na waliompeleka. Na waliompeleka hawawezi kuipigia kelele sheria wasiyoijua.

Matokeo yake ni sheria zinazosema lugha mbili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilisema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yakaweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Basi mtazame msichana wa miaka 15 aliyekaa katika dawati la Kidato cha Pili. Marekebisho hayo yalimzungushia ukuta. Lakini mdogo wake wa kike wa umri huo huo aliyeachishwa masomo kwa kukosa sare, yeye alibaki chini ya kifungu cha 13 na idhini ya baba. Wasichana wawili, nyumba moja, mama mmoja, damu moja; tofauti yao ni dawati. Hatuoni ni kwa kanuni gani ya haki dawati liwe ndilo linalomfanya mtu awe mtoto.

Tumefika mahali pa kusema tunalotaka lifanyike, kwani uhakiki katika nchi inayojijenga hauwezi kuishia kwenye kusifu na kulaumu. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Uamuzi huo umeondoa udhuru uliodumu muda mrefu. Kazi ya kuziandika sheria upya kwa Kiswahili isiachiwe wanasheria peke yao. Waitwe washairi, walimu na wataalamu wa lugha, kwa sababu ni wao wajuao umbali uliopo kati ya kuoana na kuozwa. Mfasiri asiyeuona umbali huo ataweza kuibadili haki yote kwa kiambishi kimoja.

Na kwa walimu wenzetu wa taifa hili twapendekeza jambo dogo lisilohitaji fedha. Siku mnapoisoma Rosa Mistika darasani, andikeni ubaoni, kwa Kiswahili chepesi, vifungu vya 13, 17 na 66 vya Sheria ya Ndoa, pamoja na yale mahakama iliyoyaamua mwaka 2019. Waacheni wanafunzi waulize: kifungu gani kingemsaidia Regina? Kipi kilimpa nguvu Zakaria? Mkuu wa chuo angeshitakiwa kwa sheria ipi leo? Wavulana waulizwe maswali hayo sawa na wasichana, maana wao ndio watakaoombwa idhini kesho, na baadhi yao ndio watakaokaa Bungeni. Msichana aliyekwisha kujibu maswali hayo kwa lugha yake mwenyewe, siku atakapoambiwa kwamba mambo yake yamekwisha kuamuliwa, atajua la kusema, na atajua pa kwenda kulisema.